Kusoma vitabu vya Kikristo kuhusu imani, mateso na utamaduni wa leo: mwongozo kamili

Kitabu kizuri kuhusu mateso kinaweza kumuumiza mtu kikimfikia wakati usiofaa. Mama aliyezika mtoto wiki iliyopita hasaidiwi na kurasa mia tatu za hoja, na kijana anayeuliza kama Mungu yupo kweli hatoshelezwi na kitabu cha faraja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kitabu gani ni bora, uliza nani anakwenda kukisoma na yuko wapi katika maumivu yake. Mengine yote katika mwongozo huu yanasimama juu ya swali hilo.

Tunazungumzia vitabu vya Wakristo wa kiinjili, pamoja na vile ambavyo wao huvisoma sana ingawa waandishi wake hawakujiita hivyo. Mwaka 1989 mwanahistoria David Bebbington alitaja alama nne za uinjili: Biblia kuwa na mamlaka, msalaba kuwa kiini, mtu kuhitaji kuongoka, na imani kuonekana katika matendo. Alama hizo ni kipimo kizuri dukani. Kitabu kinachozungumzia mateso mwanzo hadi mwisho bila kufika msalabani ni kitabu cha kujitia moyo kilichonyunyiziwa aya za Biblia, hata kama jalada lake lina picha ya njiwa.

Anza na hali ya msomaji

Kuna anayesoma kabla maumivu hayajabisha hodi, kuna aliye katikati yake, na kuna ambaye yamempita yakamwachia maswali.

Wa kwanza ndiye mwenye nafasi kubwa kuliko wote, na kwa kawaida ndiye asiyesoma. Akili yake imetulia. Anaweza kufuata hoja ndefu, kurudi nyuma, kubishana na mwandishi. Mafundisho kuhusu ukuu wa Mungu, anguko la mwanadamu na tumaini la ufufuo yaingie wakati huu, kwa sababu siku ya msiba mtu hajifunzi jambo jipya. Hushika lile alilokuwa nalo.

Aliye katikati ya maumivu hana nguvu hizo. Anasoma ukurasa, anafika chini, hakumbuki alichosoma. Mpe vipande vifupi: zaburi moja, kurasa mbili au tatu za ushuhuda, sala iliyoandikwa. Asijilazimishe kumaliza sura. Yule wa tatu ndiye anayeweza kurudi kwenye vitabu vya hoja kwa faida kubwa kuliko wote, maana sasa anasoma akiwa na jambo halisi la kupimia kila sentensi.

Tofauti hii inaonekana wazi kwa mwandishi mmoja. C. S. Lewis, Mwanglikana ambaye Wakristo wa kiinjili wanamsoma sana, alichapisha The Problem of Pain mwaka 1940. Ni kitabu cha hoja, na katika dibaji anakiri kwamba lengo lake ni kujibu tatizo la kiakili tu. Kazi ya kufundisha ustahimilivu hakujiona anaistahili. Mke wake, Joy Davidman, alifariki mwaka 1960. Mwaka uliofuata kikatoka A Grief Observed, daftari la mjane wa kiume anayegonga mlango wa Mungu akihisi umefungwa, na kwanza alikitoa kwa jina la bandia. Mtu akisoma cha pili peke yake anaweza kudhani Lewis alipoteza imani. Akisoma cha kwanza peke yake anaweza kumwona mkavu. Visome vyote viwili, kwa mpangilio huo, ukiwa mzima. Ukiwa msibani anza na cha pili, na ukisome mpaka mwisho, kwa sababu sura za mwanzo ndizo kali na kuishia njiani ni kubaki na ukali wake tu.

Kitabu kikubwa kinaweza kuwa na milango zaidi ya mmoja. Walking with God through Pain and Suffering cha mchungaji wa Marekani Tim Keller, cha mwaka 2013, kina sehemu tatu: jinsi falsafa na tamaduni zinavyoyatazama mateso, Biblia inavyofundisha, kisha namna ya kutembea na Mungu ndani yake. Mwandishi mwenyewe anamshauri aliye katika maumivu aanze na sehemu ya pili na ya tatu. Wengi hawasomi ushauri huo. Huanza ukurasa wa kwanza, hukwama kwenye falsafa, hukiweka kando na kudhani imani yao ndiyo haba. Utangulizi usirukwe.

Jua aina ya kitabu ulichoshika

Vitabu vya hoja hujibu swali la kama Mungu mwema na mwenye nguvu anaweza kuruhusu uovu. Vina nguvu kwa mwenye mashaka, na udhaifu wao ni kumgeuza anayeumia kuwa mfano. Vitabu vya ufafanuzi wa Biblia hutembea kwenye Ayubu, Zaburi, Warumi 8 au 1 Petro. Hivi ndivyo vinavyodumu zaidi na ndivyo ningekushauri uwe navyo vingi.

Ushuhuda una kazi yake, lakini upime kwa miaka. Joni Eareckson Tada alivunjika shingo mwaka 1967 alipopiga mbizi kwenye maji mafupi, akapooza. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1976, na ameendelea kuandika kwa miongo kadhaa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Sauti ya mtu aliyekaa na jambo kwa miaka namna hiyo si sawa na ya aliyeandika miezi sita baada ya kupona. Huyo wa pili si mwongo. Hajafika tu mahali pa kuona njia yote. Angalia pia kama ushuhuda unasimulia kilichotokea au unageuza kilichotokea kuwa kanuni: "mimi niliomba hivi nikapona, nawe omba hivi." Sentensi ya aina hiyo ikirudiwarudiwa, kirudishe rafuni.

Halafu kuna vitabu vya maombolezo, vinavyofundisha kumlilia Mungu, na vitabu vinavyochambua utamaduni. Hivyo vya mwisho vina sehemu yao hapo chini, maana vinahitaji mkono wa pekee.

Kikague kwa dakika 20 kabla ya kulipa

Anza na ukurasa wa hakimiliki. Tafuta mwaka wa toleo la kwanza, si mwaka wa kuchapishwa upya, na kama ni tafsiri angalia imetoka lugha gani na nani ametafsiri. Soma orodha ya yaliyomo, kisha utangulizi wote. Kama kuna faharasa ya maandiko mwishoni, yaani orodha ya aya za Biblia zilizotajwa kitabuni, hapo ndipo kitabu kinajifichua. Kitabu cha mateso kisichomgusa Ayubu, Maombolezo, zaburi za kilio, 2 Wakorintho wala 1 Petro kimeacha nje mashahidi wakuu.

Sasa tafuta ukurasa unaotaja moja ya aya hizi, usome jinsi mwandishi anavyoishughulikia.

Yeremia 29:11, kuhusu mawazo ya amani. Je, anaeleza kwamba barua ile iliandikwa kwa watu walio uhamishoni Babeli, na kwamba aya iliyotangulia inataja miaka 70? Wengi wa waliosikia ahadi hiyo hawakuishi kuiona ikitimia. Mwandishi anayeikata aya hiyo na kumhakikishia msomaji kazi mpya mwaka huu atakata nyingine vilevile.

Warumi 8:28, kuhusu mambo yote kufanya kazi kwa wema. Angalia kama amesoma hadi aya ya 29, ambako wema wenyewe unaelezwa: kufananishwa na Mwana wa Mungu. Bila aya hiyo kila mtu hujaza neno "wema" kwa matakwa yake.

Yohana 9:1-3 na Luka 13:1-5. Hapa Yesu anakataa hesabu rahisi ya dhambi fulani kuleta ajali fulani. Kitabu kinachowatafutia wagonjwa laana ya ukoo kila wanapougua kinapaswa kujibu aya hizi, na mara nyingi hakizitaji.

Kuna kipimo kimoja ambacho hushinda vyote, nacho ni Matendo 12. Katika sura hiyohiyo Yakobo anauawa kwa upanga na Petro anatolewa gerezani na malaika. Kanisa lilelile, mfalme yuleyule, Mungu yuleyule. Chukua fundisho kuu la kitabu na uliweke juu ya sura hiyo: je, linaweza kumweleza Yakobo bila kusema alipungukiwa imani? Kama haliwezi, ni fundisho la Petro peke yake, na siku moja litamwacha msomaji wake mikono mitupu. Waebrania 11:35 iko vilevile: katikati ya aya habari zinageuka kutoka waliofufuliwa hadi walioteswa, na wote wanashuhudiwa kwa imani ileile.

Mwisho wa ukaguzi, tazama pesa. Kitabu kinachomwambia mgonjwa atume sadaka ya mbegu ili apone kiache hapohapo, bila kujali nani amekiandikia dibaji.

Kukisoma chenyewe

Uwe na penseli, daftari na Biblia iliyofunguliwa, si iliyo karibu. Kurasa 10 hadi 15 kwa siku zinatosha kwa kitabu cha hoja. Kwa ushuhuda unaweza kwenda mbio zaidi. Pembeni mwa ukurasa tumia alama nne tu: B kwa aya ya kukagua, alama ya kuuliza kwa usichoelewa, X kwa usichokubali, na mstari wa wima kwa jambo la kurudia. Alama zikizidi hapo utaacha kuzitumia ndani ya siku tatu.

Kila unapomaliza sura, andika sentensi mbili: mwandishi anadai nini, na amethibitisha kwa nini. Ukishindwa kuandika ya pili, ama hukuelewa ama hakuthibitisha. Rudi uone ni lipi. Utashangaa ni mara ngapi sura yenye kugusa moyo haikuwa na uthibitisho wowote zaidi ya kisa kimoja.

Kwa kila B, soma aya 10 kabla na 10 baada, na umtambue anayesema. Hili la anayesema hupuuzwa mno. Chukua Ayubu 8:7, maneno yale ya mwanzo kuwa mdogo na mwisho kuongezeka sana. Yanapendwa, yanaandikwa kwenye kadi na kuta. Msemaji ni Bildadi, na kabla ya hapo, katika aya ya 4, amemwambia Ayubu kwamba watoto wake huenda walikufa kwa dhambi zao. Katika 42:7 Mungu anasema Elifazi na rafiki zake wawili hawakunena yaliyo kweli. Mwandishi anayemnukuu Bildadi kama ahadi ya Mungu hajasoma kitabu cha Ayubu, amekipitia tu. Si kwamba kila neno la rafiki wale ni uongo. Kosa lao lilikuwa kuchukua ukweli wa jumla na kuubandika juu ya mtu ambaye hawakujua kesi yake. Na walikuwa wameanza vizuri: siku saba waliketi naye chini bila kusema neno.

Sambamba na kitabu, soma zaburi moja ya kilio kila siku. Zaburi ya 13 ni ya kuanzia kwa sababu ni fupi na viungo vyake vyote vinaonekana: "hata lini" mara nne katika aya mbili za kwanza, ombi katika ya tatu na ya nne, tumaini katika mbili za mwisho. Iandike kwa mkono, kisha uandike yako kwa mpangilio uleule. Baadaye nenda ya 88, ambayo inaishia gizani bila mgeuko wowote. Mungu aliiruhusu iwemo katika kitabu cha nyimbo cha watu wake, na kitabu cha faraja kisichojua cha kufanya na Zaburi ya 88 kitamharakisha msomaji kutabasamu.

Vitabu kuhusu utamaduni wa leo

Hapa makosa ni ya namna nyingine. Vitabu vya utamaduni huchakaa upesi, na huwa vinawasema watu wasiokuwepo kujitetea. Andika mwaka na jamii ambayo mwandishi anaitazama kabla ya kufungua sura ya kwanza. Francis Schaeffer, mchungaji na mwandishi Mmarekani, alichapisha The God Who Is There mwaka 1968, akizungumza na vijana wa Ulaya na Marekani waliofika kwenye nyumba ya L'Abri aliyoianzisha na mkewe Edith nchini Uswisi mwaka 1955. Alisoma falsafa, alitazama michoro na filamu, akauliza zinasema nini kuhusu mwanadamu. Mfano huo wa kusikiliza kabla ya kujibu bado una thamani kubwa. Lakini muhtasari wake wa wanafikra kama Thomas Aquinas na Kierkegaard umelalamikiwa na wataalamu, na jamii aliyoichora si lazima iwe yako. Jifunze mbinu, hukumu zake zipime moja moja.

Ukishajua mwaka na jamii, chukua aya moja ambamo mwandishi anaeleza wapinzani wake, uiandike upya kwa maneno yako, kisha ujiulize kama mpinzani mwenye akili angeitia sahihi. Ukipata nafasi, soma kurasa 20 za huyo mpinzani mwenyewe. Baada ya hapo tenganisha maelezo na hukumu. "Watu wanajitambulisha kwa hisia zao za ndani" ni maelezo. Yanaweza kuwa kweli au si kweli. "Kwa hiyo jamii inaangamia" ni hukumu, na inahitaji hoja yake. Sura nyingi huvusha ya pili mgongoni mwa ya kwanza.

Angalia pia kitabu kinakuacha na nini. Kama baada ya sura tatu kilichobaki ni hofu na hasira kwa watu wa nje, bila toba hata moja kwa walio ndani, kuna kilichokosekana. Utamaduni haukai nje ya kanisa. Mfano ulio wazi kabisa ni huu wa mateso. Jamii inayoamini kwamba shabaha ya maisha ni kuwa na furaha hapa duniani haiwezi kuyapa maumivu nafasi yoyote. Ni usumbufu tu, na anayeumia anakuwa ameshindwa. Imani hiyohiyo ikivikwa aya inaitwa injili ya mafanikio. Ndiyo maana vitabu vya mateso na vya utamaduni visomwe pamoja, viwili kwa zamu: kimoja kinakuonyesha mwanadamu wa leo anavyoogopa maumivu, kingine kinakuonyesha kwamba woga huo umo kwenye maombi yako pia.

Kusoma kwa kikundi

Watu 6 hadi 9, wiki 8, dakika 90 kila mara. Zaidi ya 9 wanyamavu hawataongea. Gawa hivi: dakika 10 za zaburi na sala, 15 za mtu mmoja kueleza sura bila kutoa maoni, 45 za mjadala, 20 za kuombeana. Kurasa zisizidi 40 kwa wiki. Kiongozi aandae maswali matatu tu, na moja liwe la kutafuta kosa katika sura, ili watu wajue kwamba kubishana na mwandishi kunaruhusiwa.

Mambo yanayoharibu yanajulikana. Mtu mmoja anageuka mshauri: kila mwenzake akifungua moyo, yeye ana jibu. Weka sharti siku ya kwanza kwamba anayesema maumivu yake hapewi ushauri mpaka auombe. Mwingine ana ushuhuda mrefu unaorudi kila wiki. Mpe dakika zake tano mwanzoni, kisha mjadala ubaki kwenye kitabu. Hatari zaidi ni kujadili "kwa nini Mungu huruhusu vifo vya watoto" kumbe chumbani yupo aliyefiwa na mtoto. Kiongozi apige simu kabla ya kikao, amwambie sura inahusu nini, na amwachie uamuzi wa kuja.

Kumpa kitabu aliye katika maumivu

Wiki za mwanzo usimpe kitabu. Peleka chakula, osha vyombo, kaa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na aliyefiwa hahitaji kuelezwa kaburi lake. Baada ya hapo, kama anapenda kusoma, mpe kimoja tu, chembamba, ambacho umekisoma chote. Weka alama kwenye kurasa mbili au tatu unazofikiri zitamfaa.

Kuna hali ambazo kitabu si jibu. Mtu anayepigwa nyumbani asipewe kitabu cha kuvumilia. Aondolewe kwenye hatari kwanza, na mchungaji asimrudishe kwa kutumia maneno ya 1 Petro kuhusu kuvumilia mateso. Anayezungumzia kujiua, au ambaye kwa wiki kadhaa hali chakula, halali usingizi na hatoki kitandani, apelekwe kwa daktari, asiachwe peke yake, na maombi yaendelee sambamba na matibabu. Sonona si upungufu wa imani, na kitabu kinachosema hivyo usikisambaze.

Unapokabidhi kitabu, weka karatasi ndani yenye sentensi mbili: kwamba hahitaji kukimaliza wala kukirudisha, na kwamba utapita siku fulani uliyoitaja. Kisha upite siku hiyo. Usimuulize amefika ukurasa gani. Muulize amelala vipi.